Ndama Ambaye Sikumwandika

Wiki iliyopita niliwaachia mzee wa watu amesimama getini, kofia mkononi, na mimi nimeshika sufuria ya chai. Leo namwingiza ndani, maana hata nikimchelewesha vipi aibu yangu haitapungua.

Kwa anayeanza leo: mimi ni Koplo Coleta, miaka kumi na miwili kwenye magwanda, V mbili za cheo mkononi. Kazi yangu katika kituo chetu kidogo cha Katumbwe ni kutunza vielelezo, yaani kila kitu kilichokamatwa kikisubiri kesi. Nina pikipiki tatu, mapanga, magunia ya mahindi, na tangu mwezi wa Mei nina ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda.

Ng'ombe huyo anagombewa na watu wawili. Mzee Machibya, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huku na mifugo yake miaka mingi iliyopita, anasema aliibiwa. Adolfu, mwenye bucha mjini Sumbawanga, anasema alimnunua mnadani kwa haki. Hakimu akaamuru ng'ombe akae polisi mpaka kesi iishe. Kuhusu mimba hakimu hakusema kitu, wala sidhani kama aliulizwa.

Akazaa mikononi mwetu, nyuma ya mahabusu, Jumapili watu wakiwa misani. Mkuu wa kituo, Inspekta Benjamini, akaniita pembeni na kuniambia ndama nisimwandike kwenye rejista. Nisipomwandika hayupo, na asipokuwepo anaweza kwenda kukulia shambani kwa Inspekta bila kumsumbua mtu. Wakati huohuo jina langu lilikuwa mezani kwake, likisubiri sahihi yake ili niende kozi ya usajenti.

Sikumwandika. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya kwanza. Ya pili ni maziwa, na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho kwenye baridi.

"Shikamoo baba," nikamwambia Mzee Machibya.

"Marahaba mwanangu. Ng'ombe mzima?"

"Mzima kabisa. Karibu ndani, nje kuna baridi."

Baridi ya Ufipa mwezi wa Juni mnaijua. Na mimi nimelelewa na mama ambaye mgeni hatoki kwake bila kitu mdomoni. Nikammiminia chai kwenye kikombe kikubwa, nikampa kwa mikono miwili. Hapo nilikuwa najifunga pingu mwenyewe, ila sikujua.

Mzee akanywa. Akakaa na chai mdomoni kidogo kabla ya kumeza.

"Maziwa mazito," akasema.

"Tunanunua kwa jirani."

"Jirani yenu anafuga vizuri. Wabeja sana," akashukuru kwa Kisukuma. Akamaliza chai yote, akanirudishia kikombe. "Sasa mwanangu, naomba nimwone ndama."

Konstebo Yonas alikuwa kaunta, anamwandikia mtu taarifa ya kupotelewa na kitambulisho. Kalamu yake ikasimama. Yonas anakaribia kustaafu na V hata moja hana, lakini jambo zito huwa analinusa mapema.

"Ndama gani, baba?" nikauliza.

"Ng'ombe wangu alikuwa azae mwezi huu. Si nilikwambia siku ile unaandika maelezo yangu? Nimepita kwa nyuma nikakiona kiwele. Amezaa huyo."

Alikuwa amesema kweli, na niliyeandika ni mimi. Niliandika kwamba ng'ombe ana mimba ya dume la Mzee Machibya, dume lenye ncha nyeupe mkiani, na kwamba watoto wote wa dume hilo huzaliwa na ncha hiyohiyo. Adolfu kwenye maelezo yake hakugusia mimba kabisa. Yaani ndama yule alikuwa ushahidi wenye miguu minne, na mimi nilikuwa nimeukalia.

Ningeweza kusema ukweli palepale. Badala yake nikaiona V ya tatu, mpya, imeshonwa kwa uzi mweupe.

"Alikufa, baba," nikasema. "Alizaliwa dhaifu. Wiki mbili sasa."

Nilisubiri matusi. Mzee akaweka mkono kifuani.

"Poleni sana," akasema. "Mmehangaika na mali ya mtu."

Alivyonihurumia ndivyo nilivyozidi kujichukia. Nikafikiri yameisha, nikaanza kumsindikiza. Akasimama mlangoni.

"Kwetu, mtu akikutunzia ng'ombe, maziwa ni yake," akasema. "Humuulizi maziwa. Nyie mmenitunzia, nyweni tu, sina neno. Lakini ndama ni wa mwenye ng'ombe. Akifa, mtunzaji harudi na maneno, anarudi na ngozi. Kwa hiyo nitakuja kesho kuchukua ngozi yangu."

"Kesho?"

"Kesho asubuhi. Sina haraka."

Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Inspekta Benjamini alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mzee wa watu anataka ngozi tu? Mpeni ngozi!"

"Tutaitoa wapi afande? Mwenye ngozi bado anaitumia. Yuko jikoni kwako."

Na alikuwepo kweli, kwenye jiko la nje la nyumba ya mkuu wa kituo, hatua chache tu kutoka mlingoti wa bendera. Kila alfajiri nilimtoa, nikamwachia anyonye kidogo, nikakamua, nikamrudisha. Ratiba hiyo niliipanga mimi.

"Yonas ataenda Kizwite," Inspekta akasema. "Kule wanachinja kila siku."

"Na mkia je, afande? Mzee alisema ncha nyeupe."

"Mkia umeoza. Koplo, kozi unaitaka huitaki?"

"Naitaka, afande."

"Basi acha kufikiri kwa niaba ya ng'ombe."

Yonas alirudi jioni na kiroba begani, anatembea kwa madaha.

"Ni ngozi ya ndama?" nikamuuliza.

"Muuzaji kasema ni ya mtoto."

"Mtoto wa nini?"

"Hapo sikuuliza. Si mliniambia nisiulize maswali mengi?"

Nilipaswa kukifungua kile kiroba. Sikukifungua, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba nisichokiona hakitaniumiza. Ukishaanza tabia hiyo kwa ndama, unajikuta umeifanya kwa kila kitu.

Asubuhi yake kaunta ilikuwa imejaa. Ilikuwa siku ya wenye dhamana kuripoti, kwa hiyo benchi lote lilikuwa na watu, na wengine wamesimama mpaka nje. Mzee Machibya akaingia, akasalimia kila mtu kwa zamu yake.

Inspekta Benjamini alitoka ofisini amevaa sare kamili, vifungo vinang'aa. Akatoa hotuba fupi ya rambirambi. Akasema polisi ni walinzi wa raia na mali zao, hata mali ikitangulia mbele ya haki. Kisha akamkabidhi mzee kiroba.

Mzee akaikunjua ngozi juu ya kaunta. Akaigeuza, akaipapasa manyoya, akainusa.

"Inspekta," akasema kwa upole, "huyu ndama enzi za uhai wake alikuwa anapenda kupanda juu ya mawe?"

Benchi likacheka. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mbuzi huyo!"

"Ngozi ikikauka hubadilika, mzee," Inspekta akajibu bila kupepesa.

"Inawezekana. Mimi sikusoma." Akanigeukia. "Mwanangu, jana ulinipa chai."

"Ndiyo, baba."

"Maziwa yale ni ya ng'ombe wangu. Usikatae, nimeyanywa mizao miwili, nayajua. Kukamua si kosa, nimeshasema. Lakini ng'ombe wetu hawa si wale wa kizungu. Huyu hashushi maziwa mpaka ndama wake amguse kiwele, au basi alambe ngozi ya ndama wake. Ngozi mmenipa, ni ya mbuzi. Sasa jana asubuhi mlimkamua kwa ndama yupi?"

Benchi lote likanigeukia mimi.

Jamani, mimi ni mtoto wa zizi. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wanne kule Mpui, na hilo la ng'ombe kugoma bila ndama nililijua kabla sijajua kusoma. Na bado nilimpa mzee chai ya maziwa, kisha nikamwambia ndama alikufa wiki mbili zilizopita. Wengine hukamatwa kwa alama za vidole, mimi nilikamatwa kwa kikombe.

"Simshitaki mtu," mzee akaendelea. "Naomba kitu kimoja tu. Mfungueni kamba. Kama ndama amekufa, ng'ombe atabaki palepale anakula majani, na mimi nitaomba radhi mbele ya watu wote hawa."

"Kielelezo hakifunguliwi!" Inspekta akafoka. "Kile kipo pale kwa amri ya mahakama!"

Kisha akanisogelea, akashusha sauti.

"Koplo, barua yako nimeshaisaini. Iko kwenye droo. Inaondoka leo na gari la mchana."

Naomba mnielewe. Ile V niliitaka. Mama yangu alikuwa ameshaiambia jumuiya nzima kwamba Coleta anakwenda kuwa sajenti. Watoto wangu wawili walikuwa wameshaanza kunipigia saluti mezani. Na nilichotakiwa kufanya ni kusimama tu, nisifanye lolote, kazi ambayo kwa wiki mbili na nusu nilikuwa nimeifanya vizuri.

Lakini nikakumbuka siku ya maelezo. Mzee Machibya hajui kusoma. Nilipomaliza kuandika nilimsomea, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka. Akaniuliza, "Na mkia umeandika?" Nikamwambia nimeandika. Hapo akabonyeza dole gumba kwenye karatasi bila wasiwasi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Nikatoka nje. Watu wote wakanifuata.

"Koplo!" Inspekta akaita.

"Mtunza vielelezo ni mimi, afande," nikasema. "Nafungua."

Nikafungua.

Ng'ombe alisimama kwanza, kama haamini. Akainua pua. Kisha akaanza kutembea, hana mbio, na sisi nyuma yake, polisi, wenye dhamana, yule wa jana aliyepotelewa na kitambulisho, simu zote zimeinuliwa juu. Akaupita mlingoti wa bendera. Akazipita pikipiki. Akapita katikati ya bustani ya mboga ya mke wa Inspekta, akaacha kwato kwenye kila tuta. Akafika mbele ya jiko la nje, akalia.

Ndani ya jiko, mtu mdogo akamjibu.

"Afande nifungue?" Yonas akauliza, lakini hakusubiri jibu, maana ng'ombe alikuwa ameshaweka pembe kwenye mlango.

Ndama akatoka mbio, mkia juu. Na ile ncha ya mkia ilikuwa nyeupe, ikapita mbele ya macho ya watu wasiopungua thelathini.

Vigelegele vilipigwa. Mzee Machibya hakupiga kelele wala hakucheka. Alijifuta macho kwa kofia yake, akaja akanishika mkono.

"Wabeja, mwanangu," akaniambia. Mimi, niliyemdanganya jana yake nikiwa nimesimama mbele yake.

Nikaenda ofisini kwangu, nikafungua rejista ya vielelezo. Nikaandika: ndama mmoja, dume, mwekundu, ncha ya mkia nyeupe, amechelewa kuandikwa siku kumi na saba. Nikaweka sahihi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile nilipumua mpaka chini.

Ningekuwa na akili, hadithi hii ningeimalizia hapo.

Mpaka saa sita mchana video ilikuwa imeshafika kila mahali. Dada yangu aliyeko Kasanga alinipigia kuniuliza kwa nini ninaonekana mnene hivyo. Saa tisa gari jeupe likasimama getini, akashuka Mrakibu Gabriel, mkaguzi wa vituo vidogo vya upande wetu. Ni mtu mwembamba, hapandishi sauti, na hilo ndilo linalowatisha watu. Aliingia ofisi ya mkuu wa kituo, akakalia kiti cha mkuu wa kituo, akatuita mimi na Inspekta.

Inspekta Benjamini akapiga saluti iliyotikisa kabati.

"Afande, nashukuru umekuja," akasema. "Huyu Koplo nina siku kadhaa namfuatilia. Amemficha ndama jikoni kwangu bila mimi kujua."

Nilimtazama kuona kama anatania.

"Ndani ya jiko lako?" Mrakibu akauliza.

"Mimi siingii jikoni, afande. Mimi ni mwanaume."

"Na sauti ya ndama?"

"Nilidhani ni ya yule mkubwa, afande. Mifugo siijui vizuri. Mwenye kamba, mwenye rejista, mwenye ufunguo ni yeye peke yake. Hata leo ameandika mwenyewe kwamba amechelewa."

Rejista ilikuwa wazi mezani. Ule mstari niliouandika kwa moyo mweupe asubuhi, sasa ulikuwa unasomeka kama kukiri kwangu mwenyewe. Wino wangu, sahihi yangu. Jina la Inspekta halikuwepo hata sehemu moja, kwa sababu siku zote alitoa maagizo kwa mdomo, tena pembeni.

Inspekta akavuta droo, akatoa barua yangu ya kozi. Akaichana mara mbili mbele ya mkaguzi, taratibu, kwa masikitiko ya mtu aliyefiwa.

"Nilikuwa nimempendekeza, afande. Amenivunja moyo."

Mrakibu Gabriel akachukua karatasi nyeupe, akafungua kalamu. Akanisomea yale maneno ambayo mimi mwenyewe nimewasomea watu wengi kiasi kwamba nayasema hata usingizini.

"Koplo Coleta, hulazimiki kusema neno lolote. Lakini lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi dhidi yako. Umeelewa?"

Sikuwahi kujua yana uzito gani upande huu wa meza.

"Nimeelewa, afande. Nitasema."

"Nani alianza kumkamua ng'ombe?"

"Mimi."

Nilimsikia Inspekta akishusha pumzi.

"Nani alisema ndama asiandikwe?"

"Inspekta Benjamini. Na mimi nikakubali, afande, kwa sababu niliitaka kozi. Na nikamdanganya mwenye ng'ombe. Hilo hakuniagiza mtu."

"Mwongo!" Inspekta akadakia.

"Zamu yako itafika," Mrakibu akamwambia bila kumtazama. Akachora mstari kwenye karatasi. "Sasa nataka orodha. Kila mtu aliyekunywa maziwa ya kielelezo hiki, jina na cheo. Usiruke mtu. Ukiruka hata mmoja, maelezo yako yote nitayahesabu ya uongo, na ya Inspekta nitayachukua kama yalivyo."

Nikaanza. Koplo Coleta, mimi mwenyewe, kwenye chai. Konstebo Yonas, kwenye uji wa ulezi. Inspekta Benjamini, lita mbili kila siku, na hapo Inspekta akakohoa. Mke wake. Mlinzi wa usiku. Katekista aliyekuja kumwombea mahabusu. Mahabusu mwenyewe, alikuwa na homa. Fundi aliyetengeneza bati la choo.

Kalamu ya Mrakibu ilikwenda bila kusimama. Watu wanane, wote kwa mwandiko mzuri.

"Mwingine?"

Nikahesabu kichwani: alibaki mmoja.

Alhamisi ya wiki iliyopita Mrakibu Gabriel alipita kituoni kwetu kukagua silaha. Alikuta birika liko mezani. Alikunywa vikombe viwili, akasifu, akasema tangu aondoke kwa mama yake hajanywa chai ya namna ile. Hakuuliza maziwa yanatoka wapi, nasi hatukumwambia. Alipokuwa anaondoka, Inspekta alinituma niweke dumu la lita tano nyuma ya kiti chake. Niliweka, nikalifunika na gazeti.

Nikamtazama Inspekta Benjamini. Alikuwa anatazama sakafu, na nawaapia alikuwa anatabasamu.

Mrakibu alikuwa ameshaandika tisa, akaweka nukta. Kalamu ilikuwa inasubiri juu ya karatasi.

"Namba tisa, Koplo," akasema bila kuinua kichwa. "Jina na cheo."